KAZI ISIYO NA JINA

Wako watu watakaocheka wakiona kwamba leo twaandika juu ya watu waoshao mbwa. Watasema nchi ina mambo makubwa kuliko hayo. Sisi twasema kwamba mtu aamkaye alfajiri akaenda kazini, na jioni akarudi na ujira wake, huyo ni mfanyakazi. Mshahara wake ni jambo kubwa kwake na kwa watoto wake, awe amebeba mizigo bandarini au amemchana mbwa manyoya huko Masaki.

Kazi hiyo imekua mbele ya macho yetu. Zamani mbwa wa mjini alikuwa mlinzi wa ua, akila makombo na kulala nje. Siku hizi, katika nyumba nyingi za Oysterbay, Masaki na Mbezi Beach, mbwa huogeshwa kwa sabuni yake mwenyewe, hukatwa kucha, husafishwa masikio na hutembezwa asubuhi na jioni. Mwenye mbwa akisafiri, hutafuta mtu wa kumlelea. Yote hayo hufanywa na mikono ya watu, na wengi wao ni vijana. Basi yafaa tuulize: je, vijana hao wana tumaini gani la maisha katika kazi hiyo?

Tutazame kwanza Marekani, nchi ambayo imewapa mbwa na paka fedha nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya huko ilikadiria kwamba kazi za kutunza wanyama zingeongezeka kwa asilimia 16 kati ya mwaka 2022 na 2032, hali kazi zote kwa jumla zingeongezeka kwa asilimia 3 tu. Msomaji atadhani kwamba kazi inayotafutiwa watu kwa kasi hiyo hulipa vizuri. Sivyo. Katika mwaka huo wa 2022 zaidi ya nusu ya watunza wanyama walipata chini ya dola 30,000 kwa mwaka, na huku nusu ya wafanyakazi wote wa nchi hiyo walipata zaidi ya dola 46,000.

Sababu yake haifichiki. Hapana jimbo la Marekani linalomdai mkata manyoya leseni ya ufundi wake. Aliyejifunza miaka mitatu na aliyenunua mkasi jana husimama mlango mmoja, na mwenye duka huweza kumchukua yule wa bei rahisi. Wengi hulipwa fungu la fedha alizotoa mwenye mbwa, hata siku isiyo na mbwa huwa haina chakula. Tena nafasi nyingi zitangazwazo hutokana na watu walioichoka kazi wakaiacha. Hapo ndipo tunapopata funzo la kwanza: wingi wa kazi ni kitu kimoja, na ubora wa mshahara ni kitu kingine.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu mtunza mbwa hana hata jina katika orodha ya mishahara. Akiajiriwa nyumbani kwa mtu, huhesabiwa kuwa mtumishi wa nyumbani. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha watumishi hao kwa ngazi nne. Aliyeajiriwa na balozi au mfanyabiashara mkubwa aliwekewa shilingi 250,000 kwa mwezi. Aliyeajiriwa na ofisa mwenye stahili aliwekewa shilingi 200,000. Wengineo wasiolala kwa mwajiri waliwekewa shilingi 120,000, na walalao kwa mwajiri shilingi 60,000. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026, nasi twaipongeza kwa hatua hiyo.

Lakini msomaji na azitazame tena ngazi zile nne. Zote zampima mwajiri na mahali alalapo mtumishi. Hapana hata moja impimayo mtumishi kwa ujuzi wake. Vijana wawili waweza kuwaosha mbwa wawili wa tumbo moja, kwa ustadi ule ule, katika mtaa mmoja, na mmoja akapata mara mbili ya mwenziwe kwa kuwa tajiri wake ni balozi. Huyo mwingine hata ajifunze usiku na mchana, sheria haina ngazi ya kumpandishia.

Wako wasemao kwamba kuosha mbwa hakuhitaji ujuzi. Hao hawajaijua kazi yenyewe. Ndani ya ukucha wa mbwa mna mshipa wa damu, na akatae bila kujua humwumiza mnyama, naye mnyama akiumia huuma. Manyoya yaliyosokotana huficha vidonda na kupe, na kupe huleta homa zinazoua mbwa. Dawa za kuulia kupe ni sumu. Zataka kipimo sahihi na glavu mikononi. Mara nyingi ni mtunza mbwa, wala si mwenye mbwa, aonaye kwanza uvimbe chini ya ngozi au usaha sikioni. Mtu aliyezijua hizo zote ni fundi, na fundi hulipwa kama fundi.

Liko jambo zito kuliko mshahara, nalo ni uhai. Kichaa cha mbwa kingaliko nchini mwetu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu watu wote wapatao ugonjwa huo, hata asilimia 99, huupata kwa mbwa. Na dalili zikishadhihirika, kupona ni kama hakuna. Lakini ugonjwa huo wazuilika kabisa. Kidonda huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha mtu hukimbilia hospitali kuchanjwa. Walio na kazi za kushika wanyama hushauriwa wachanjwe hata kabla ya kuumwa. Basi twawauliza matajiri wenye mbwa: mbwa wako ana kadi ya chanjo, je, kijana amshikaye kinywa kila siku anayo? Akiumwa leo, nani atalipa sindano zake? Ikiwa mshahara wake ni kidogo na sindano ni juu yake, atasubiri kidogo aone, na kusubiri huko ndiko kuuako.

Tena tusisahau desturi zetu. Kwa Waislamu wengi wa pwani mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Si haki mtumishi aliyeajiriwa kupika kuambiwa mwezi wa pili amwogeshe mbwa, na akikataa aitwe mkaidi. Kazi ya mbwa na iwe ya aliyekubali, na ikubaliwe mwanzo, kwa maandishi.

Maandishi hayo si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake na mshahara wake kwa maandishi. Yaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada kulipwa mara moja na nusu. Yatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtumishi wa nyumbani hakutengwa na sheria hiyo. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Jasho nalo ni mali.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. La kwanza ni kwa bodi ya mishahara: kazi ya kutunza wanyama wa nyumbani na ipewe jina na ngazi zake, ili mwenye ujuzi apite asiye nao. La pili ni kwa vyuo. VETA hufundisha ufundi wa namna nyingi, na vyuo vya LITA hufundisha afya ya mifugo. Haiwi vigumu kuanzisha mafunzo mafupi ya kumtunza mbwa na paka, na mwishowe mwanafunzi akapewa cheti. La tatu ni kwa waajiri: chanjo ya mtunza mbwa na iwe gharama ya mwenye mbwa, kama ilivyo chanjo ya mbwa mwenyewe.

Nanyi vijana, msiidharau kazi hii wala msiikimbilie kwa macho yaliyofumba. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hii si kazi mbaya. Lakini asiingie mtu kwa kudhani kwamba utajiri wa nyumba utakuwa wake. Jifunzeni kwa daktari wa mifugo, ombeni mkataba, ombeni chanjo, na mkutane ninyi kwa ninyi mkubaliane bei ya kazi yenu. Fundi mmoja akidai haki yake hufukuzwa upesi, na mafundi wote wa mtaa wakisema neno moja husikilizwa.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mfanyakazi huyu ni kuitwa kwa jina la kazi yake.