Kulalamikia Spika za Kanisa Si Kumpinga Mungu

Jirani akithubutu kusema kwamba kelele za uwanja wa kanisa zinamnyima usingizi, hukatizwa kabla hajamaliza. Ataulizwa ana shida gani na kazi ya Mungu. Ataulizwa mbona haendi kuilalamikia baa iliyo ng'ambo ya barabara. Wengine watanong'ona kwamba huyo ana lake jambo, pengine hata pepo. Dhana hii, kwamba anayelalamikia kelele za kanisa anapiga vita dini, imekita mizizi katika mitaa ya Nairobi hadi watu wenye malalamiko ya haki wameamua kunyamaza. Ni dhana potovu, na wengi wanaoumia kwa sababu yake ni waumini wenyewe.

Tutazame kinachofanyika uwanjani. Mtaani kwetu huku Eastlands, ibada ya Jumapili haimuudhi mtu. Kwaya inasikika, na inapendeza. Taabu ni Jumamosi, uwanja unapokodishwa. Hema husimamishwa alfajiri, jenereta ikafuata, kisha likaja lile jumba la kujazwa upepo ambalo watoto hurukaruka ndani yake, na mashine yake hunguruma mfululizo hadi jioni. Spika mbili zenye kimo cha mtu huwekwa upande wa ukuta wa jirani kwa sababu ndiko kwenye kivuli, na fundi wa mitambo hujaribu maikrofoni kwa nusu saa nzima, "moja, mbili, moja, mbili", wageni wakiwa bado hawajafika. Kufikia saa nane mchana vioo vya madirisha vinatetemeka. Muuguzi aliyerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku ameburuta godoro lake hadi kwenye korido, na hata huko halali.

Sasa niambieni, hiyo ni ibada gani? Ni harusi, ni siku ya kuzaliwa, ni kampuni iliyoleta wafanyakazi wake wajiburudishe. Kanisa linalipwa, na sioni ubaya wa kanisa kutafuta fedha za kujiendesha. Ubaya ni kuivika joho biashara ya kukodisha uwanja, kisha kumwita jirani adui wa Injili.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kuabudu, na kiendelee kuulinda. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Nazo kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi, na kwa mujibu wa kanuni hizo usiku unaanza saa mbili na dakika moja. Maongezi ya kawaida ya watu waliokaa karibu karibu hufikia desibeli 60 hivi, kwa hiyo spika za harusi ziko mbali kabisa na kikomo hicho. Halafu kuna jambo ambalo wazee wa kanisa wangepaswa kusomeana kwa sauti kikaoni: maeneo ya ibada yamewekewa kikomo cha desibeli 40 mchana, chini ya kile cha makazi. Sheria inalihesabu kanisa kuwa mahali pa utulivu.

Wapo wanaojitetea kwamba kanisa lilitangulia, na aliyehamia baadaye avumilie au ahame. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliikataa hoja hiyo mwaka 1879, katika kesi ya Sturges v Bridgman. Mtengenezaji wa peremende alikuwa ametwanga kwa vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20 kabla daktari jirani hajajenga chumba cha kuwaona wagonjwa karibu na ukuta wake. Daktari alishinda. Sheria zetu za ujirani zimerithiwa kutoka huko.

Linalonichoma zaidi ni kile kinachotendwa malalamiko yanapozidi. Baraza la kanisa hukutana, na wa kwanza kufukuzwa ni watoto. Geti linafungwa kwa kufuli, linabandikwa bango la kukataza mpira, na Jumamosi inayofuata spika ziko pale pale. Mtoto halipi kodi ya uwanja. Hapo simuungi mkono hata jirani anayetaka watoto wanyamazishwe. Ujerumani, nchi inayojulikana kwa kubana kelele, ilibadilisha sheria yake mwaka 2011 ili sauti za watoto katika viwanja vya kuchezea, kwa kawaida, zisihesabiwe kuwa uchafuzi. Huku Eastlands viwanja vingi vimemezwa na majumba ya kupangisha, na uwanja wa kanisa ni miongoni mwa sehemu chache ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kuhofia matatu. Kelele za watoto wanaokimbizana huisha jua likizama. Watoto hao hawana amplifaya.

Na baa je? Mwaka 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kupiga marufuku vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi, na waumini wengi walishangilia. Walikubali, basi, kwamba usingizi wa mkazi una thamani kuliko biashara ya muziki. Kanuni hiyo haiwezi kugeuka kwa sababu spika imevuka barabara na kuingia ndani ya ua wenye msalaba.

Mchungaji, na nyinyi wazee wa kanisa, andikeni katika mkataba wa kukodisha uwanja kwamba spika zitaelekezwa mbali na nyumba, sauti iwafikie wageni walio hemani tu, na muziki uzimwe kabla ya saa mbili usiku. Asiyekubali masharti hayo aende kwingine. Geti lifunguliwe watoto wacheze. Nawe jirani uliyezoea kunyamaza, andika tarehe, saa na muda wa kelele, upeleke barua kwa kanisa kwanza, kisha kwa kaunti, kwani Katiba imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Ukiulizwa una shida gani na kazi ya Mungu, waambie Jumapili mtaonana ibadani.