Kona Iliyofia Mfukoni

Makocha wa mtaa, kwani mnamfichia nani? Mwisho wa mwaka Koth Biro ikirudi uwanja wa Umeme, Ziwani, kila benchi lina siri yake, frikiki flani ya ajabu, ati itatolewa mtoano. Timu yetu ilikuwa na kona kama hiyo. Tuliifanyia mazoezi wiki tatu, tukakatazwa kuigusa kwenye makundi. Tukatolewa makundini. Ile kona haijapigwa hadi leo.

Na siri gani hapa Eastlando? Uwanja hauna ukuta. Watoto wamekaa kando ya chaki wakirekodi na simu.

Najua mtanitajia Uholanzi, robo fainali Qatar 2022: dakika ya mwisho kabisa, kila mtu anangoja shuti, Koopmeiners akasukuma mpira wa chini kwa Weghorst, 2-2 na Argentina. Sawa, ilikuwa tamu. Lakini wale wana geti la kufunga wakifanya mazoezi. Na bado walitolewa kwa penalti.

Itoeni mechi ya kwanza. Ikiingia, mna bao. Isipoingia, wapinzani watamaliza jioni zao wakijifunza kuizuia. Halafu siku ya mtoano mchezaji yuleyule akimbie vilevile, mabeki wamfuate, mpira upigwe kwingine.