Nani Aliyeipangia Kazi Yetu Bei?

Kuna hoja moja nimechoka kuisikia kutoka kwa wenzangu tunaoandika programu. Ikitajwa mishahara ya vijana wa Nairobi wanaofundisha mashine za kampuni za Marekani, utaambiwa: "Kwa Kenya hizo ni pesa nzuri. Afadhali hizo kuliko kukaa bure." Leo naomba tuichambue polepole.

Kwanza, kazi yenyewe. ChatGPT haikuzaliwa ikijua lipi ni tusi na lipi ni ukatili. Lazima binadamu asome maandishi machafu, moja baada ya jingine, na kuyatia alama: hili la ubakaji, hili la mauaji, hili la kujiua. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba OpenAI iliipa kampuni ya Sama kazi hiyo, na wafanyakazi wa hapa Kenya walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa.

Hebu tupige hesabu. Katika kila dola, aliyesoma uchafu huo alipata kati ya senti 11 na 16. Sama ilijitetea kwamba zile 12.50 zilibeba gharama zote, pamoja na mishahara ya wasimamizi. Haya, tukubali. Bado swali langu liko pale pale: kwa nini "kwa Kenya" bei iwe hiyo?

Si kwa sababu ya jua letu. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba ili watu walazimike kutafuta kibarua kwa walowezi. Ikawavika wanaume kipande shingoni, ili asiyeridhika na mwajiri wake asiweze kuondoka hivi hivi. Hadi miaka ya 1930 ikawazuia Waafrika kupanda kahawa, maana mwenye shamba lake la kahawa hana haja ya kwenda kuchuma la mwingine. Urahisi wa kazi yetu uliandikwa na watu, sheria kwa sheria, kama tunavyoandika programu. Kilichoandikwa na watu kinaweza kuandikwa upya.

Leo kipande hakipo. Kuna ukosefu wa kazi, na kuna kampuni ya katikati inayosimama baina ya mfanyakazi na bepari mwenyewe. Ukilalamika, bepari anasema wewe si wake. Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook akiwa ameajiriwa na Sama, aliishtaki Meta jijini Nairobi mwaka 2022. Meta ikadai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba inaweza kushtakiwa papa hapa. Kabla ya hapo, Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa aina hii walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa sisi wenye digrii tunajiona tuko mbali na hao. Tuko mbali kweli? Mteja wa ng'ambo akikuuliza bei, si hukutajia "bei ya Kenya" kabla hujafungua mdomo? Mnyororo ni uleule, ila sisi tumefungwa pingu laini kidogo.

Mimi hutumia zana hizi za akili bandia kila siku kazini, na sikwambii uzitupe. Nakuomba mambo mawili. Usirudie tena ile hoja ya "afadhali". Na chama cha wafanyakazi hawa kikiita watu, usijifanye hakikuhusu. Bei yao ikipanda, yetu haitabaki chini.

Wewe waonaje?