MTAFITI NJOO, MFANYA KAZI APONE



Hapa Kitengela haipiti miezi mingi bila kuonekana kijana nadhifu mwenye karatasi, au mwenye simu ya kuandikia majibu, akisimama mlangoni pa nyumba za kupanga au karibu na lango la kiwanda. Anataka kumwuliza mfanya kazi maswali. Unalipwa kiasi gani? Kodi ya chumba ni shilingi ngapi? Unakula mara ngapi kwa siku? Je, unamwamini msimamizi wako? Kama ungelipwa kwa kipande badala ya kwa mwezi, ungefanya kazi zaidi? Kijana huyu ametoka Chuo Kikuu na jina lake ni mtafiti. Elimu yake ni ya mambo ya biashara na kazi: jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja, kwa nini mmoja hujitahidi na mwingine hulegea, na jinsi fedha inavyogeuza mioyo ya watu.

Juu ya watu hawa wanachama tumegawanyika. Wako wasemao, "Huyo ni jasusi wa mwajiri, mfukuzeni." Na wako wanaomjibu lo lote lile apate kuondoka upesi, hasa akiwa amekuja na pakiti ya unga au salio la simu. Mimi nasema kuwa pande zote mbili zinapoteza mali. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afunge mlango. Wala hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aibiwe. Basi shauri letu liwe hili: mgeni huyu aje, lakini mwenyeji apone.

Mambo haya si mageni kwetu sisi watu wa reli. Sisi tu miongoni mwa wafanya kazi wa kwanza katika nchi hii kupimwa na wataalamu. Januari 1947 ulitokea mgomo mkubwa Mombasa, wa wafanya kazi wapatao 15,000, wa bandarini na wa reli na wengineo. Katika mgomo huo ndipo kilipozaliwa African Workers' Federation, chama alichokiongoza Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwezi wa Agosti mwaka ule ule na kumpeleka kifungoni Kabarnet. Basi katika mwaka huo huo wa 1947 alifika Nairobi bwana mmoja aitwaye C. H. Northcott. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mambo ya wafanya kazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, mjini York, Uingereza. Yeye na wenzake waliwachunguza wafanya kazi Waafrika wa Reli ya Kenya na Uganda: afya yao, chakula chao, mafunzo yao, na usimamizi waliopewa. Ripoti yao ilipigwa chapa London mwaka 1949.

Tazameni jina la ripoti hiyo. Iliitwa "African Labour Efficiency Survey", yaani uchunguzi wa ufanisi wa kazi ya Mwafrika. Swali waliloanza nalo lilikuwa: tutapataje kazi zaidi kutoka kwa mtu huyu? Halikuwa: mtu huyu anastahili nini kwa jasho lake? Sisemi kuwa walisema uongo. Mtu akipima afya na chakula cha mfanya kazi amefanya jambo jema. Lakini anayechagua swali amekwisha kuchagua nusu ya jibu. Tena ripoti ilikuwa ya Kiingereza, ikauzwa London. Je, yule kuli wa karakana, aliyelala katika landhi za Muthurwa, ambaye mwili wake ndio uliopimwa, angeisoma wapi?

Hata hivyo sitaki mtu afikiri kuwa elimu ni adui. Mwaka 1954 ilitoka ripoti ya Kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika. Kamati ile ilisema wazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukihesabiwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na kwamba hesabu hiyo haina budi kubadilishwa, ielekee mtu mwenye jamaa ya kulisha. Maneno hayo wafanya kazi walikuwa wakiyasema siku nyingi, lakini yalipoandikwa kwa tarakimu, mwajiri alishindwa kuyaita kelele za wakorofi. Na Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alikwenda mwaka 1955 kusoma Ruskin College, Oxford, mambo haya haya ya viwanda na kazi. Hakuona haya kukaa darasani, maana alijua kuwa anayekwenda kwenye meza ya mapatano bila hesabu amekwenda kuomba tu.

Sasa natoa mifano miwili ya utafiti, mmoja wa zamani na wa mbali, mmoja wa juzi na wa hapa hapa Kenya. Someni kwa makini, kwani tofauti yake ndiyo shauri langu.

Wa kwanza ni wa Frederick Taylor, Mmarekani. Mwaka 1899 alikuwa katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, huko Pennsylvania. Huko watu walikuwa wakibeba vipande vya chuma, kila kimoja kama kilo 42, na kuvipakia katika behewa. Taylor aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1911 kwamba kila mtu alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku, naye akamchagua mtu mmoja, akamwongoza lini abebe na lini apumzike, hata mtu yule akapakia tani 47 na nusu. Mshahara wake ukapanda kutoka dola 1.15 hata dola 1.85 kwa siku. Mabwana wa biashara ulimwenguni pote waliisifu hadithi hiyo kwa miaka mingi.

Mimi elimu yangu ni ya shule ya misheni tu, lakini kugawa nilifundishwa. Hapo kwanza mtu yule alipata senti 9 kwa kila tani. Baada ya elimu ya Taylor alipata chini ya senti 4 kwa kila tani. Kazi imezidi karibu mara 4, mshahara haukufika hata mara 2. Je, tofauti ilikwenda mfuko wa nani? Tena mwaka 1974 wataalamu wengine wawili, Wrege na Perroni, walizichunguza karatasi za zamani wakaonyesha kuwa Taylor alikuwa ameipamba sana hadithi yake. Basi utafiti pia huweza kusahihishwa na utafiti. Ndiyo sababu hatupaswi kuusujudia, wala hatupaswi kuuchoma moto.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Ninyi mnaokaa Kitengela, Isinya na Athi River mnazijua kazi za maua. Wengi wetu tuna dada au mke anayefunga maridi. Mtaalamu aitwaye Jonas Hjort alipata hesabu za kazi za kila siku za kiwanda kimoja cha kufunga maua hapa Kenya, za mwaka 2007 na 2008, akaandika habari zake mwaka 2014. Kazi ilikuwa ya watu watatu watatu. Mmoja aliwagawia maua wenzake wawili, na hao wawili waliyafunga. Waliowekwa pamoja hawakuchaguana, walipangwa kwa zamu tu. Kila mfungaji alilipwa kwa maua aliyoyafunga yeye, na mgawaji alilipwa kwa jumla ya kazi ya wale wawili.

Mtaalamu aliona nini? Aliona kuwa mgawaji alimpelekea maua machache yule asiye wa kabila lake, na zaidi yule wa kabila lake. Na kumbukeni, mgawaji alilipwa kwa jumla. Kwa hiyo kila ua alilomnyima mwenzake alijinyima na yeye mwenyewe. Alikubali mshahara wake upungue, bora yule mwingine asipate. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na damu iliyomwagika baada yake, na ubaguzi ule ukazidi sana.

Basi kiwanda kikabadili malipo mwaka 2008. Wale wafungaji wawili wakaanza kulipwa sawa, kwa jumla ya kazi yao wote wawili. Sasa kumpendelea mmoja hakukuwa na faida, kwani mshahara wao ulikuwa chungu kimoja. Kazi ikapanda katika vikundi vyenye makabila mbalimbali. Lakini katika vikundi vya kabila moja ilipungua kidogo, maana wako watu ambao wakiona chungu ni kimoja hungoja mwenzao akoleze moto.

Ndugu zangu, ripoti hii moja huweza kusomwa kwa macho mawili. Mwajiri mmoja ataisoma na kusema: "Kumbe! Basi niwatenge, kabila hili upande huu na lile upande ule." Akifanya hivyo, siku ya kudai mishahara atatukuta tumekwisha gawanyika, na kazi ya kutugawanya tumemlipia sisi. Mwajiri mwingine ataisoma na kusema: "Namna ya malipo huweza kuwasha chuki au kuipoza." Huyu wa pili ndiye aliyeona vema. Na sisi wanachama tunayo macho ya tatu. Tunaona kuwa chuki ya kabila si jambo la wanasiasa mikutanoni tu. Imo katika mkono unaosukuma maua mezani, na hukatwa katika mshahara wa yule yule anayechukia. Hilo chama kimelisema miaka yote kwa hotuba, na sasa limepimwa kwa hesabu. Kila baada ya miaka 5 uchaguzi hurudi. Katibu wa tawi aliye na hesabu hizo ana silaha nzuri kuliko wimbo wa umoja.

Lakini ona tena jambo hili: kiwanda kilibadili malipo, na mtaalamu akaandika. Hapo chama kilipaswa kuwa wapi? Malipo ya kikundi yana faida na yana hasara. Mwepesi wa mikono huweza kumbeba mzito bila shukrani. Bei ya kipande nayo huweza kushushwa kimya kimya, kama ilivyokuwa kwa yule mbeba chuma wa Bethlehem. Mambo ya namna hii hayafai kuamuliwa na mwenye kiwanda pamoja na profesa, na mfanya kazi akayajua siku ya kupokea mshahara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Profesa anaijua hesabu, lakini kunguni tunawajua sisi.

Kwa hiyo natoa mashauri haya mbele ya matawi yetu.

Kwanza, mtafiti akija, aulizwe kibali chake. Sheria ya nchi inamtaka mtafiti awe na kibali cha tume iitwayo NACOSTI. Mwenye kibali hatakasirika kukionyesha.

Pili, aulizwe nani amelipia kazi yake, na ni nani atakayepewa majibu. Kama ni mwajiri wetu, aseme hivyo wazi kabla ya swali la kwanza.

Tatu, jina la mfanya kazi lisipelekwe kwa msimamizi. Sheria ya kulinda habari za mtu, ya mwaka 2019, inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinachukuliwa kwa kazi gani. Usijibu kwa sababu ya pakiti ya unga. Jibu kwa sababu umeelewa. Na kama hukuelewa, kataa kwa adabu.

Nne, majibu yarudi. Aliyepima wafanya kazi wa Kitengela alete kurasa mbili za Kiswahili kwa tawi, au aje siku moja asome mbele yetu na kuulizwa maswali. Deni hilo ni dogo kwa mtu atakayepata digrii kwa maneno yetu.

Tano, mwajiri akiita wataalamu kupima kazi kabla ya mapatano, chama kidai kuiona ripoti. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akionyeshe chama habari zote zinazohusu mapatano ili chama kiweze kupatana sawasawa. Kwa maoni yangu ripoti ya namna hiyo ni habari ya mapatano kabisa.

Sita, na hili ndilo kubwa: tuanze utafiti wetu wenyewe. Haihitaji digrii. Kila tawi linunue daftari moja. Wanachama 20 waandike kila mwezi kodi ya chumba, bei ya unga, mafuta ya taa au gesi, maji ya mtungi, karo, na nauli ya kwenda kazini na kurudi. Waandike kweli, bila kuongeza chumvi, kwani hesabu moja ya uongo huua hesabu kumi za kweli. Baada ya miezi 12 tutakuwa na kitabu ambacho hakuna mtaalamu wa mwajiri atakayekipuuza, na Kamati ya Carpenter yetu tutakuwa ni sisi wenyewe.

Mtu atasema, "Huyo mtafiti ni mwanafunzi tu, hana uwezo wa kutuongezea hata senti." Ni kweli, hana. Lakini ana swali, na swali huweza kusukumwa. Akikuuliza, "Ungefanyaje ili uzalishe zaidi?" mjibu, kisha mwambie aandike na swali lako chini yake: "Na nikizalisha zaidi, changu ni kiasi gani?" Akilibeba swali hilo mpaka Chuo Kikuu, kazi ya mgeni imefanyika, na mwenyeji ameanza kupona.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa Reli, Kitengela