Zawadi ya tovuti isipimwe kwa macho peke yake

Mwaka jana sisi watu wa Vitshumbi tulipanga shindano dogo la tovuti, tukatoa zawadi, na tukakosea. Tunaandika leo kwa sababu tunataka kurudilia shindano lile, na safari hii tunaomba wachimbaji wa Rubaya, wa Bisie na wa Numbi waingie ndani, wao na jamaa zao. Nyumba nyingi za hapa ziwani ziko na mtoto mmoja kwenye mtumbwi na mwingine kwenye shimo. Shida ya samaki na shida ya mawe ni ndugu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mchimbaji akisikia « site », anawaza kilima, mashimo, na pikipiki zinazoteremsha mifuko. Kwa hiyo hapa tunasema tovuti, yaani kurasa zile za maandishi na picha unazofungua kwenye simu kwa njia ya intaneti.

Mambo yalikwenda hivi. Tuliwaambia vijana: tengenezeni tovuti ya kusaidia biashara ya samaki. Siku ya kupima tukaenda kukaa Goma, katika ofisi yenye ekrani kubwa na intaneti ya nguvu. Kazi ya mshindi ilikuwa maajabu kweli. Ziwa linachezacheza, mtumbwi unapita polepole, jua linazama nyuma ya kiboko. Tulipiga makofi, tukampa dola zake, tukapiga picha pamoja naye. Kisha tukarudi nyumbani na furaha yetu, tukamwomba mama mmoja muuza samaki aifungue kwenye simu yake. Kiduara kikazunguka, kikazunguka tena. Mega zake zikaisha mbele ya mtumbwi kufika. Tulipomwekea mega zingine, akatazama ziwa lake lile lile analoliona kila asubuhi bure, akatuuliza: « Na bei ya tilapia iko wapi? » Bei haikuwamo. Miezi tisa baadaye tovuti yenyewe ilikufa, maana hakuna aliyelipia jina lake wala mashine inayoitunza.

Kijana hatumlaumu. Alitengeneza kile ambacho juri letu lilionyesha kwamba linakipenda.

Wakubwa wa dunia nao wako na mashindano yao. Webby Awards za Marekani zilianza mwaka 1996, na kuko sheria yao moja tunayoipenda sana: mshindi anasema maneno matano tu ya shukrani, kisha anateremka. (Sherehe zetu za hapa zingepata faida kubwa.) Awwwards, zilizoanzia Hispania mwaka 2009, zinagawanya pointi hivi: uzuri wa umbo 40 kwa mia, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20, na yaliyomo 10. Soma tena ile ya mwisho. Kwa wachoraji wa tovuti wanaoshindana wao kwa wao, ni sawa, wanapimana ufundi. Lakini mtu wa Rubaya anayenunua mega kidogo kidogo hatafuti ufundi wa mchoraji, anatafuta habari. Kwake ile 10 njo ingekuwa 40.

Kuko njia nyingine. World Summit Awards zilizaliwa mwaka 2003, pamoja na mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Geneva juu ya jamii ya habari. Zenyewe zinauliza kwanza kazi inawasaidia nini watu wa nchi yake.

Na mfano ulio karibu nasi zaidi ni Ushahidi. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi, watu wachache walitengeneza kwa siku chache tu tovuti yenye ramani. Mwananchi alituma ujumbe kwa simu: hapa wamechoma nyumba, hapa wamefunga barabara, alama ikaonekana kwenye ramani. Haikuwa na madoido. Mwaka ule ule ilipata zawadi ya kwanza ya dola 25 000 katika shindano la NetSquared huko Marekani, na mwisho wa mwaka, vita vilipotufikia vikali, ikatumiwa kwetu Kivu. Jina lake lilikuwa neno la Kiswahili, na kila mama wa sokoni alilielewa bila mkalimani.

Sisi wenyewe tunaishi ndani ya Hifadhi ya Virunga, na tuliona nguvu ya jambo hili kwa macho. Mwezi wa kumi 2008, Rumangabo ilipochukuliwa, watu wa ng'ambo walifuata habari za walinzi na za sokwe kwenye tovuti ya Hifadhi, yenye herufi .cd mwishoni. Herufi zile ni za nchi yetu tangu zile za Zaire, .zr, zilipoachwa. Tungependa siku moja habari za mvuvi na za mchimbaji zifuatwe vile vile.

Kuko watu wanatuambia: watu wanalala chini ya mahema, nyinyi mnagawa zawadi za intaneti? Neno lao ni zito, hatulipuuzi. Lakini tuangalie kasiterite. Bei ya bati inapangwa kwenye soko la London, na mwenye intaneti anaiona kila siku. Tuseme tani iko dola 30 000. Kilo moja ya mawe yenye teneri ya 60 kwa mia imebeba bati la dola 18. Hapo bado kutoa usafiri, taksi, kuyeyusha, na faida ya kila mkono. Ni kweli, mchimbaji hawezi kulipwa 18. Lakini akiijua ile 18, anaongea na negosia akiwa amesimama. Koltani ni ngumu zaidi, haina soko la wazi kama lile. Bei yake inapatanwa kati ya muuzaji na mnunuzi, na asiyejua kitu njo anapatana vibaya. Tovuti ya ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili, inayofanya hesabu hii kwenye simu ya bei rahisi, tungeipa zawadi mbele ya maziwa yote yanayochezacheza.

Basi tumebadilisha sheria. Kupima kutafanyika Vitshumbi, jioni, saa ambayo mtandao unalemewa, kwenye simu tatu za zamani na mega zenye kipimo. Tovuti isiyofunguka imeanguka, hata kama ni nzuri kama bibi arusi. Kuingia ni bure. Hakuna kupigia kura kwa unite, kwa maana tunajua mwenye mjomba tajiri atashinda. Zawadi itatolewa nusu siku ile ile, na nusu baada ya miezi 12, kama tovuti bado inaishi na bei zake ni za wiki ile. Juu ya hii ya nusu tulibishana usiku mzima: wengine walisema tunamnyima kijana haki yake. Tulikubaliana kwamba jina na mashine tutazilipia sisi mwaka wa kwanza, asiwe na sababu.

Na sheria moja haina mjadala. Tovuti inayoonyesha sura ya mchimbaji, jina lake, au njia anayopitisha mawe yake, inatolewa palepale. Katika inchi hii picha nzuri inaweza kumwua mtu.

Juri litakuwa na watu watano. Fundi wa tovuti ni mmoja tu, naye ataangalia ufundi, kwa maana ubunifu bado tunautaka: ukurasa mwepesi wenye sura nzuri ni kazi ngumu kuliko mzito. Wa pili na wa tatu ni mama wauza samaki. Wa nne ni mwalimu, ataangalia Kiswahili. Kwenye komptua kila mchimbaji anajua uchungu wa mashine ya teneri kuwa mkononi mwa yule anayenunua, kwa hiyo anayetoa pesa za zawadi hatakaa kwenye juri.

Kiti cha tano bado kiko wazi. Tunatafuta mtu aliyekwisha kuuza mawe kwa mikono yake, mwanaume au mwanamke, mwenye simu ya zamani, asiye na mtoto wala mkwe katika shindano. Pesa ya njia tutamlipa, na samaki atakula. Pombe atajinunulia mwenyewe.