Lugha ya Mimbari Katika Mashamba ya Chai

Tangu kilimo kikubwa cha chai kianze Kericho katika miaka ya 1920, makazi ya wafanyakazi yamewakutanisha Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya. Jumapili wengi wao huabudu chini ya paa moja. Je, viongozi wa kanisa wawahubirie kwa lugha ipi?

Wapo wanaoshikilia kuwa lugha ya mama ndiyo hugusa moyo. Hoja hiyo ina uzito. Biblia nzima ya Kikalenjin, iliyochapishwa mwaka 1969, haikutafsiriwa ili ifungiwe kabatini. Hata hivyo, mchuma majani chai asiyeelewa tangazo la harambee au la mazishi hawezi kushiriki. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amelishika jembe miaka mingi, na bado ni mgeni.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizowatimua wafanyakazi wengi Kericho, zilidhihirisha hatari ya jirani kuitwa mgeni. Kiswahili peke yake hakizuii fujo, lakini humpa kila muumini sauti kikaoni. Basi nyimbo ziimbwe kwa lugha zote. Mahubiri, matangazo na vikao vya wazee viendeshwe kwa Kiswahili.