Neno la Mhariri: Kioo Hakigeuzi Mkono

Katika mambo ambayo wanadamu huyatazama kila siku bila ya kuyataamali, sura iliyomo kiooni yastahili kutajwa mwanzo. Na kwa kuwa toleo hili tumelikusudia elimu ya nuru na macho, imetuwajibikia kuanza na swali ambalo wengi hudhani jawabu lake wanalo: kwa nini kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, ilhali hakigeuzi juu kuwa chini?

Swali hili ni la kale. Plato aliligusa katika Timaeus, na Kant, mnamo mwaka 1783, alistaajabia kwamba mkono wa kulia huonekana kiooni kuwa wa kushoto, na glavu ya huu haivaliki katika ule. Pamoja na taadhima yote tuliyonayo kwa wakubwa hao, twasema kwamba swali lina kasoro katika msingi wake, kwani kioo hakigeuzi kulia wala kushoto.

Asimame msomaji mbele ya kioo akielekea kaskazini, anyoshe mkono upande wa mashariki: mkono wa taswira nao utaelekea mashariki. Ainue kidole juu, na kile cha kiooni kitainuka vivyo hivyo. Lakini akikielekeza kidole kwenye kioo chenyewe, ataona kidole kinamwelekea yeye, yaani kusini. Kilichogeuka, basi, ni mbele na nyuma tu. Kwa sababu iyo hiyo minazi iliyo ukingoni mwa maji matulivu huonekana vilele chini, kwa kuwa uso wa maji umelala, na uso ung'aao daima hugeuza upande unaoukabili, wala haugeuzi upande mwingine.

Kosa latoka kwetu. Tumezoea kuonana na watu waliozunguka wima ili watukabili, nasi twamdhania yule wa kiooni kuwa kazunguka hivyo, tukahukumu kwamba saa yake kaivaa mkono usiostahili. Hata maandishi yasiyosomeka kiooni twayageuza wenyewe tunapoielekeza karatasi huko. Mwenye shaka na aandike juu ya nailoni ipenyayo nuru, aishike aisome, kisha atazame kioo kilicho nyuma yake: atayaona maandishi yamenyooka.

Haya yanatukumbusha Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, ambaye katika Kitab al-Manadhir, kitabu cha karne ya 11, alibainisha kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita kuona ni hukumu ya akili ipitayo upesi hata mwenyewe asiitambue. Kwetu sisi hiyo ni hoja nzito kuliko kanuni yoyote ya miale, nayo ndiyo iliyotuongoza katika kuzichagua makala za toleo hili.

Basi twawasihi walimu, kabla hawajachora mishale ya nuru ubaoni, wawape wanafunzi kioo chenye mvuke, kila mmoja afumbe jicho moja na kuuchora kwa kidole mzingo wa kichwa chake palepale aonapo, kisha aupime. Watakuta ni nusu ya kichwa halisi, wasogee mbali au karibu; na wanafunzi waachwe wabishane sababu yake kabla mwalimu hajasema neno.